Karatasi ya kukatiwa gesi ina siku 12: zitumie hivi

Swali: "Mtaalamu, salamu. Sisi ni familia ya watu sita. Tulifika Des Moines, Iowa, mwezi wa tano 2024 tukitokea kambi ya Nyarugusu. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha nyama, mimi niko nyumbani na mtoto mchanga. Bili ya gesi na umeme imefika dola 412 ukijumlisha deni la mwezi uliopita, na juzi imeletwa karatasi kwamba watatukatia baada ya siku 12. Kanisani wanasema serikali imetoa pesa za dharura za kupasha nyumba joto. Kwenye WhatsApp kuna ujumbe kwamba kila mkimbizi anapata dola 1,000 akibonyeza. Ni kweli? Ni mkopo? Mume wangu anaogopa tukiomba tutanyimwa grinikadi. Anasema tuvumilie tu, tuwashe oveni na tulale wote jikoni. Tufanye nini?"

Dada yangu, kabla ya kugusa habari ya pesa, naomba usiku wa leo oveni isiwashwe. Najua mtu aliyekulia kando ya jiko la mkaa haoni ajabu kulala karibu na moto. Lakini kule Nyarugusu upepo ulipenya kati ya ukuta na paa, moshi ukapata pa kutokea. Nyumba ya Iowa imezibwa kila ufa ili baridi isiingie, na hewa chafu nayo haipati njia ya kutoka. Gesi ikiungua muda mrefu kwenye chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, usingizi unakuwa mzito, na mtu anadhani ni mafua. Februari 2021, Texas ilipopigwa na baridi kali na mamilioni wakakosa umeme, kuna watu waliokufa hivyo baada ya kuwasha magari gereji au kuwasha mkaa ndani ya nyumba. Kati yao walikuwamo wazazi wanaotafuta joto kwa watoto wao, kama ninyi. Na mtoto mchanga huwahi kudhurika kuliko mtu mzima.

Gesi yenu bado haijakatwa. Basi hita iliyowekwa ndani ya nyumba ndiyo itumike, hata kwa nyuzijoto za chini, na mlale chumba kimoja mkifunga milango ya vyumba vingine. Msiizime kabisa kwa kuogopa bili. Nje kukifika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, kama inavyotokea Des Moines, maji huganda ndani ya mabomba, mabomba yakapasuka, na hapo mtakuwa na ugomvi na mwenye nyumba pamoja na deni la gesi. Angalieni pia kama dari au ukutani kuna king'ora cha monoksidi ya kaboni. Kama hakuna, mwandikieni mwenye nyumba kesho, kwa meseji, ili ibaki kumbukumbu.

Sasa pesa.

Ujumbe wa WhatsApp ni wa uongo. Hakuna serikali ya Marekani inayompa kila mkimbizi dola 1,000 kwa kubonyeza, na atakayekuomba namba ya Social Security kupitia ujumbe wa aina hiyo anataka kukuibia jina. Ufute, na aliyeutuma mwambieni naye aufute. Lakini waliosema kanisani hawajakosea kabisa, maana msaada upo, na umekuwepo tangu kabla wewe na mimi hatujasikia jina Iowa. Shida ni hilo neno "dharura". Linatumika kwa mambo matatu tofauti, na watu wengi hupoteza majira yote ya baridi wakisubiri lile ambalo haliwahusu.

Mpango wenyewe unaitwa LIHEAP, yaani msaada wa nishati ya nyumbani kwa wenye kipato kidogo; wengi hulitamka "lai-hip". Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, baada ya bei ya mafuta kupanda vibaya miaka ya 1970 na kuwaacha maskini wa majimbo ya baridi wakichagua kati ya chakula na joto. Kila mwaka Bunge la Marekani hutenga fedha, na miaka ya karibuni zimekuwa kama dola bilioni 4. Wizara ya Afya na Huduma za Binadamu huzigawa kwa majimbo na kwa mataifa ya Wahindi Wekundu, jimbo nalo likazipeleka kwa mashirika ya jamii kwenye kila kaunti. Hapo ndipo mlango wako ulipo. Washington haipokei fomu ya mtu mmoja mmoja.

Dharura ya kwanza ni ya rais. Sheria inaruhusu kuwekwa fungu la pembeni ambalo rais anaweza kulifungua bei zikipaa au baridi ikizidi. Rais Clinton alifanya hivyo mwaka 2000, bei ya mafuta ya kupasha nyumba ilipopanda ghafla majimbo ya kaskazini-mashariki. Ya pili ni ya Bunge: nchi ikipata msukosuko, Bunge huongeza fedha juu ya zile za kawaida. Mwaka 2020, wakati wa korona, liliongeza dola milioni 900, na 2021 likaongeza bilioni 4.5 kwa mkupuo. Hizi ndizo zinazotangazwa kwenye redio na kuzua maneno. Zikitoka hupita njia ileile, kutoka Washington hadi jimboni, kutoka jimboni hadi shirika la kaunti, na mtu mwenye fomu yake pale ndiye zinayemkuta. Asiye na fomu hazimkuti hata zikiwa nyingi namna gani.

Dharura ya tatu ni ya nyumba yako, na hii ndiyo yako. Sheria ya LIHEAP inalitaka kila jimbo litenge sehemu ya fedha kwa ajili ya watu waliofikia ukingoni: aliyeletewa karatasi ya kukatiwa, aliyekwisha kukatiwa, ambaye hita yake imekufa, ambaye tangi lake limekauka. Fedha hizo lazima zihifadhiwe hadi tarehe 15 Machi ili zisiishe mapema. Na mtu mwenye sifa akishaomba msaada wa dharura, saa zinaanza kuhesabiwa. Ndani ya saa 48 lazima apewe msaada utakaoiondoa ile dharura. Kama maisha yako hatarini, ni saa 18. Neno hili limo ndani ya sheria yenyewe, halitegemei roho nzuri ya karani. Lakini saa hizo zinahesabiwa tangu ulipoomba. Hazihesabiwi tangu ulipoanza kuumia kimya, na mwanamke akilala jikoni na watoto wake wiki mbili bila kuomba, kwa sheria hakuna saa hata moja iliyopita. Ndiyo maana shauri la kuvumilia nalikataa, kwa heshima zote kwa shemeji.

Kwa hiyo, kesho asubuhi ofisi zikifunguliwa, simu ya kwanza ni kwa kampuni ya gesi. Namba iko juu ya bili. Usiogope kuwapigia watu unaowadai... samahani, wanaokudai. Waambie mambo mawili: kwamba mnaomba LIHEAP, na kwamba mnataka mpango wa kulipa deni kidogo kidogo. Kanuni za Iowa zinampa mteja wa nyumbani ambaye bado hajakatiwa haki ya kupewa mpango wa malipo, na deni linaweza kugawanywa kwa miezi 12. Kwa dola 412 hiyo ni kama dola 34 na senti kwa mwezi, juu ya bili ya kila mwezi. Mkikubaliana, andika tarehe, saa, na jina la uliyezungumza naye. Halafu shikeni ahadi hiyo kama mnavyoshika kodi ya nyumba, maana ukivunja mpango wa kwanza, wa pili huwa mgumu kuupata.

Simu ya pili ni kwa shirika linalopokea maombi kwenye kaunti yenu. Kwa Des Moines na Polk County yote ni IMPACT Community Action Partnership. Ukishindwa kupata namba, piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, inafanya kazi usiku na mchana, nao watakuelekeza. Ukisikia Kiingereza kinakwenda mbio, sema neno moja tu: "Swahili". Shirika linalopokea fedha za serikali ya taifa linatakiwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kukutafutia mkalimani bila kukutoza kitu. Naomba sana usimtumie mtoto wako wa darasa la tano kuwa mkalimani. Mtoto hapaswi kubeba habari za deni la baba yake, na mara nyingi huruka maneno asiyoyajua bila kukuambia. Neno lililorukwa ndilo huwa tarehe ya mwisho.

Pale simuni usiseme tu "naomba msaada wa joto". Sema: "Nina karatasi ya kukatiwa, tarehe ni fulani, na nina mtoto mchanga." Maneno hayo ndiyo yanayoihamisha fomu yako kutoka rundo la kawaida kwenda rundo la dharura. Nimeona fomu nzuri kabisa zikikaa foleni wiki kadhaa kwa sababu mwombaji, kwa adabu zetu za kutolalamika mbele ya wageni, hakutaja kabisa kwamba ana karatasi ya kukatiwa mfukoni.

Iowa ina jambo moja kubwa ambalo majirani zako wengi hawalijui. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 1 Aprili, nyumba iliyothibitishwa kuwa na sifa ya LIHEAP haikatiwi gesi wala umeme hata kama ina deni. Ndiyo, hata kama ina deni. Msaada wenyewe wa pesa mara nyingi hautoshi bili za majira yote ya baridi. Huja mara moja kwa msimu, hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti yenu ya gesi, na nyumba moja hupata tofauti na nyingine kwa kutazama kipato, idadi ya watu na aina ya nishati. Kuna watu wamedharau kuomba wakisema "nitapanga foleni kwa ajili ya vipesa hivyo?" Wanakosa kuona kwamba ile barua ya kukubaliwa ndiyo inayowafungia mlango wakataji hadi Aprili. Kwangu mimi barua hiyo ina thamani kuliko hundi.

Ulinzi mwingine upo hata kabla barua haijafika. Siku ambayo utabiri wa saa 24 zijazo unaonyesha nyuzi 20 za Farenhaiti au chini yake, yaani kama nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, kampuni hairuhusiwi kukata nyumba ya mtu. Na kama ndani ya nyumba kuna mgonjwa ambaye kukosa joto kutamhatarisha, daktari au afisa wa afya ya umma akithibitisha kwa kampuni, kukatwa kunaahirishwa siku 30. Mtoto mchanga akiwa na kifua au pumu, zungumza na kliniki yake mapema.

Majimbo mengine yana kalenda zao. Minnesota ulinzi unaanza Oktoba hadi mwisho wa Aprili, kwa masharti yake. Kwa ndugu zetu wa Portland na Lewiston kule Maine hali ni tofauti zaidi, maana nyumba nyingi huko zinatumia mafuta yanayoletwa na lori kwenye tangi, wala si gesi ya bomba. Mwenye lori hazuiwi na sheria za kukata, asipolipwa haji. Huko msipime dharura kwa karatasi, pimeni kwa mshale wa tangi. Ukishuka kwenye robo, pigeni simu siku hiyohiyo, msingoje uguse sifuri.

Kuhusu sifa, mtu asikuambie kwamba mwenye kazi hapati. Mpango huu ulitungwa hasa kwa watu wanaofanya kazi na bado hawafikishi. Sheria ya taifa inaruhusu jimbo kupokea familia hadi asilimia 150 ya kipimo cha umaskini, au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, kile kilicho kikubwa. Kwa kipimo cha 2025, familia ya watu sita ikihesabiwa kwa hiyo asilimia 150 inaweza kuingiza hadi dola 64,725 kwa mwaka kabla ya makato. Tuseme mumeo analipwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki, bila kukosa hata wiki moja: ni dola 41,600. Mko chini ya mstari kwa mbali. Na hapa wakubwa kwa wadogo wote wanahesabiwa, mpaka huyo mchanga wa mgongoni. Msimwache nje ya fomu kwa kudhani hajawa mtu wa hesabu.

Wapangaji nao wamo. Sheria inakataza jimbo kumpendelea mwenye nyumba juu ya mpangaji.

Karatasi za kuandaa ni chache, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo familia zetu zinapoanguka. Watataka namba za Social Security za wanakaya, hati za mshahara (ulizeni ni za miezi mingapi), bili ya karibuni ya gesi na ya umeme, na ile karatasi ya kukatiwa. Kabla hujaenda, ziweke zote mezani na usome majina, herufi kwa herufi. Sisi tumeandikishwa na watu wengi njiani. Jina lililoandikwa kwa masikio ya karani wa kambi limenakiliwa tofauti kwenye hati ya safari, likageuzwa tena kwenye kadi ya kazi, na kampuni ya gesi ikaongeza makosa yake. Nusu ya familia imeandikwa kuwa ilizaliwa tarehe 1 Januari. Karani wa LIHEAP akikuta "Mwamini" hapa na "Mwameni" pale, anaweza kuirudisha fomu, na siku zako 12 zinazidi kuliwa. Ukiliona kosa, litaje wewe kwanza, siku ya kwanza, na onyesha hati zote mbili.

Kubwa kuliko hilo ni jina lililo juu ya bili. Je, ni la mumeo? Lako? Nimeshasaidia familia iliyoishi nyumba moja miezi minane ikilipa gesi kwa uaminifu kwenye akaunti ya mpangaji aliyehama. Siku ya kuomba msaada hawakuwa na bili hata moja yenye jina lao, na kulirekebisha kulichukua siku ambazo hawakuwa nazo. Wengine akaunti ilifunguliwa na shirika lililowapokea, au na rafiki aliyejua Kiingereza, jina lake likabaki. Na kuna wanaoandika jina la mtoto kwa sababu la baba lina deni. Hilo msilifanye kamwe. Mtoto ataanza maisha na deni asilolijua, na wewe utakuwa umetoa habari ya uongo. Kama jina si lenu, simu ile ya kwanza kwa kampuni ya gesi ianze na hilo.

Kuomba ni bure. Akijitokeza mtu wa kwetu, hata awe mzee wa kanisa, anayetaka dola 50 "kukujazia", mshukuru na uende mwenyewe.

Si mkopo, nimefika kwenye hofu ya shemeji. Hakuna siku serikali itakuja kudai pesa hizo zirudishwe. Sheria inasema pia kwamba msaada huu hauhesabiwi kuwa kipato. Hauongezi kodi ya mapato, wala haupunguzi msaada wa chakula kwa kisingizio kwamba sasa mnaingiza zaidi.

Na grinikadi? Hofu yake naielewa, na wala simcheki, kwa sababu sheria za uhamiaji zimebadilika mara nyingi miaka hii na kila mtu ana shemeji wa rafiki yake aliyenyimwa kitu. Kile kinachoogopwa ni kanuni ya mtu anayeonekana atakuwa mzigo kwa serikali. Sikilizeni vizuri: mkimbizi aliyeingizwa nchini kama mkimbizi, na mtu aliyepewa hifadhi, wamesamehewa kanuni hiyo na sheria yenyewe ya Bunge, hata wanapoomba grinikadi. Ninyi mlikuja kama wakimbizi. Haiwahusu. LIHEAP vilevile haiko kwenye ile miaka mitano ya kusubiri inayowekwa kwenye baadhi ya misaada mingine. Mkimbizi anaweza kuomba tangu mwaka wake wa kwanza, na mwenye grinikadi pia.

Kwa wasomaji wengine walioomba grinikadi kupitia ndoa au ndugu, jibu lina tahadhari zaidi. Kanuni iliyotungwa 2022 haihesabu msaada wa nishati, lakini mwishoni mwa 2025 serikali ilipendekeza kuifuta kanuni hiyo. Ninyi ongeeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla. Na anayesubiri bado kesi yake ya hifadhi kwa kawaida hana sifa ya LIHEAP kwa jina lake, ingawa akiwa na watoto waliozaliwa Marekani inafaa aulize kwa ajili yao. Huyo pia asikae na baridi. Mashirika ya hisani ya Kikristo kama Salvation Army na St. Vincent de Paul husaidia bili kwa fedha zao wenyewe, na 211 watamwambia ni wapi.

Nikwambie na ukweli usiopendeza. Fedha hizi haziwatoshi wote wenye haki nazo. Nyumba kama milioni 6 hupata kila mwaka, na zilizostahili zikakosa ni nyingi zaidi ya hizo. Aprili 2025 wafanyakazi wa wizara waliokuwa wakiusimamia mpango huu waliachishwa kazi. Vuli ya mwaka huohuo serikali ilifungwa tangu tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba, na fedha zikachelewa kufika majimboni hadi mwishoni mwa Novemba, theluji ikiwa imeshaanza sehemu nyingine. Mimi naliona hilo ni dhuluma kwa watu wasio na akiba ya hata wiki mbili. Kwa hiyo karani akikwambia "tunasubiri fedha", huenda anasema kweli. Hata hivyo mwombe apokee fomu yako na akupe uthibitisho ulioandikwa wa tarehe uliyoomba. Usiondoke bila tarehe.

Wakikukatalia, au wakikaa kimya kupita kiasi, una haki ya kusikilizwa upya na watu wengine. Hiyo nayo imo ndani ya sheria ya LIHEAP. Barua ya kukataliwa huwa na siku za mwisho za kukata rufaa, kwa hiyo isisomwe na kuwekwa juu ya friji. Mara nyingi sababu huwa ndogo sana: hati moja ya mshahara imepungua, au mtu mzima mmoja wa nyumbani hajatolewa maelezo ya kipato chake.

Sasa tuseme mmekubaliwa. Hapo ndipo watu wetu hukosea kosa la pili. Wakishajua hawakatwi hadi Aprili, wanaacha kulipa kabisa. Ulinzi ule unazuia kukatwa tu, deni linaendelea kukua chini yake kama mti kando ya mto. Tarehe 1 Aprili ikipita, kampuni inaanza kutuma karatasi upya, na safari hii deni linaweza kuwa dola elfu moja na zaidi. Msaada wa msimu huo umekwishatumika. Na mkikatiwa mwezi wa tano mkakaa hivyo, Novemba ikija ulinzi hautawarudishia gesi iliyokwisha kukatwa. Unazuia kukata, hauwashi. Lipeni kitu kila mwezi, hata dola 40 au 60, na kila malipo yaandikeni. Wakati huohuo ombeni kampuni iwaweke kwenye malipo sawa ya kila mwezi: wanajumlisha matumizi ya mwaka na kuyagawa, mnalipa zaidi kidogo Julai ili Januari isiwavunje mgongo. Kwa mtu wa mshahara wa wiki mbili mbili, hilo ni jambo zuri kuliko yote niliyoyaona.

Kuna pia msaada wa kuziba nyumba yenyewe, ambao serikali imeuendesha tangu 1976: watu wanakuja kupima upepo unapopenya, wanaziba, wanaweka sufi darini, wakati mwingine wanabadilisha hita mbovu. Shirika lilelile mtakaloomba LIHEAP litawaandikisha. Kwa kuwa mmepanga, mwenye nyumba lazima akubali, na foleni ni ndefu, lakini jiandikisheni. Na kama hita ikifa katikati ya baridi, msimtafute fundi wa mtaani kwanza. Mpigieni mwenye nyumba, na msipojibiwa siku hiyohiyo rudini kwa shirika, kwa sababu Iowa fedha za dharura zinaweza kutengeneza hita.

Mwakani msingoje karatasi. Iowa maombi hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa wazee na walemavu, tarehe 1 Novemba kwa wengine wote, na hufungwa tarehe 30 Aprili. Kila msimu unaombwa upya. Waliokubaliwa mwaka jana hawaendelei wenyewe.

Kesho shemeji akiwa zamu ya asubuhi, wewe piga simu zote mbili ukiwa na bili mkononi, na umwachie ujumbe alete hati zake za mshahara akitoka kiwandani. Mtu wa ofisi ya wafanyakazi atamchapia akiomba. Ukipewa miadi ya baada ya zile siku 12, usikubali kukata simu: rudia kwamba una karatasi ya kukatiwa na mtoto mchanga, uulize jina la msimamizi, na umwambie umeomba msaada wa dharura leo.